Sifungui Mara Mbili

Tulikuwa kumi na wanne ndani ya Kosta, tunakwenda harusini Ikwiriri, na tangu Mkuranga ilikuwa ni jua na ugomvi wa dirisha. Dereva aliposimama Mchukwi, jirani na Kibiti, hakuna aliyeuliza kwa nini. Kando ya barabara ya Kilwa palikuwa na kibanda cha bati. Mbele yake wamejaa watoto wa shule wasiopungua ishirini na bodaboda wanne, na mama mmoja amekaa kigodani ubavuni mwa friza. Juu ya kifuniko amelaza khanga zilizokunjwa, kama anayemfunika mgonjwa wa homa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Semeni nyote kwanza. Sifungui mara mbili."

Umeme ulikatika usiku, akatueleza, na ubaridi uliobaki ni wa kubania. Basi watu walioshindwa kuelewana hata muziki wa njiani wakatakiwa waelewane barafu. Embe ngapi? Ubuyu ngapi? Ukwaju je? Shangazi alibadili nia mara tatu. Watoto wa shule, wazoefu wa mambo haya, hesabu yao ilikwisha zamani, sasa wanatusimamia sisi: "Mjomba, wewe hujasema!"

Na nikisema barafu, ifahamike ni ipi. Hii ni nchi ya delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na kwa wachuuzi wa kamba barafu ni ile ya mapande, ya kulazia mzigo usiharibike njiani kwenda Dar. Ya mama huyu ni ya kumung'unya, shilingi 200, ndani ya kifuko chembamba cha nailoni kilichopigwa fundo. Embe dodo limepondwa, likatiwa tui na sukari, basi. Unang'ata pembe, unatema kipande cha nailoni, unanyonya. Kwanza yanakuja maji matamu, halafu nyuzi za embe zinazokwama menoni, na mwisho kabisa, chini, tui limejitenga likaganda kama ukoko mweupe. Aiskrimu za Dar nimekula za kila rangi. Ukoko ule sijaukuta. Minazi na miembe yenyewe imesimama nyuma ya kibanda, mwenye shaka ageuze shingo.

Babu, mkubwa wa msafara, alikuwa amekataa katakata kula "vitu vya watoto". Alipomaliza ya pili akakumbuka kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, jinsi magari ya kusini yalivyokuwa yakisubiri mto.

"Foleni ile ingekuwa na barafu hii," akasema huku akijifuta ndevu, "nani angedai daraja?"

Dereva alipiga honi mara nne ndipo tukapanda. Shangazi alikuwa amenunua moja ya ubuyu ya bibi harusi. Mama akaiviringisha kwenye gazeti, akatuambia wazi: haifiki.

Haikufika. Ikwiriri tuliingiza ndani kifuko cha maji mekundu, gazeti limelowa chapachapa. Bibi harusi hina yake ilikuwa haijakauka, mikono ameinyoosha mbele hawezi kushika kitu. Shangazi akamsogezea mdomoni, naye akaitoboa pembe kwa jino.