Daftari la Kuzimika

Kompyuta ya mezani inayojizima na kujiwasha bila kuamriwa husumbua kwa jambo moja kubwa: ikiamka, haikumbuki kilichoiangusha. Windows huandika kwenye kumbukumbu zake tukio namba 41, na maana yake ni kwamba mashine imewaka tena bila kuwa imezimwa ipasavyo. Hilo umeshaliona kwa macho yako. Kwa nini ilizimika, haisemi.

Ya shangazi yangu iko Katesh, wilayani Hanang, katika chumba cha steshenari chenye upana wa hatua nne. Watu huja hapo kutoa kopi za vyeti, kujaza maombi ya mikopo ya chuo na kupiga picha za pasipoti saizi. Shangazi ni mtu wa Mbulu kama sisi wote. Katesh alihamia alipoolewa. Nilikwenda kumsalimia likizo ya katikati ya mwaka 2024, baada ya mitihani ya shahada ya uzamili, na kabla sijamaliza chai akaniambia kuhusu mashine. Ilikuwa inazimika mara mbili, tatu kwa siku. Fundi mmoja alimshauri apige Windows upya, na ikishindikana anunue nyingine.

"Akipiga upya, picha zinabaki?" aliniuliza.

"Inategemea anayepiga, shangazi."

"Basi haipigwi."

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Nyumba zilikwenda na kila kilichokuwa ndani: magodoro, vyeti, simu, picha za ukutani. Wiki chache baadaye ndugu walianza kufika dukani kwa shangazi, mmoja mmoja. Walikuwa wanakumbuka kwamba marehemu aliwahi kupigwa picha pale, alipokuwa anaomba kitambulisho, anajiunga na kidato cha tano au anafungua akaunti ya benki. Kwa baadhi yao, ile picha ndogo yenye kitambaa cha bluu nyuma ndiyo sura pekee iliyobaki.

Picha hizo, zaidi ya elfu tisa, zilikuwa kwenye diski ya kompyuta ile ile. Hazikuwa na majina. Zilikuwa na namba za kamera tu. Kumpata mtu ilibidi ndugu yake akae kwenye kiti kando ya shangazi, ataje mwaka, kisha watazame sura baada ya sura. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima. Baba mmoja alikuwa amekuja mara mbili kumtafuta binti yake, na mara zote mbili kioo kikawa cheusi katikati ya kutafuta. Aliondoka akisema atarudi.

Nilitamani kutoa diski na kuiunganisha na kompyuta yangu ya mkononi, lakini waya wa kazi hiyo haukupatikana Katesh. Nilipojaribu kunakili folda zote mchana, mashine ilizimika kabla hata ya robo. Nikaamua kuacha kunakili hadi nijue inazimika kwa sababu gani.

Washukiwa wa kawaida ni wanne: joto, RAM, Windows yenyewe na umeme. Nilianza na Windows kwa kuwa haihitaji bisibisi. Kuna mpangilio unaoiamuru kompyuta ijiwashe yenyewe kila mfumo unapoanguka; nikauondoa. Kama kosa lingekuwa la programu, kioo cha bluu kingebaki palepale na maandishi yake. Hakikubaki. Mashine ilikata kama taa.

Nikafungua kasha. Vumbi lilikuwa limejaa hadi kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Nikalisafisha kwa brashi mpya ya rangi, huku nikiishika feni kwa kidole isizunguke. Joto la prosesa likashuka hadi nyuzi 50 na kidogo, wakati kwa kawaida prosesa hujizima kujiokoa inapokaribia nyuzi 100. Mashine ikazimika tena mchana ule ule. Nikatoa kadi moja ya RAM, nikasubiri. Nikairudisha na kutoa ya pili, nikasubiri. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na tatizo likaondoka, hutajua ni kipi kilichokuponya. Halikuondoka.

Wakati huo shangazi alikuwa anaandika. Nilimwomba achore mstari kwenye daftari la mauzo na kila mashine ikizimika aandike siku, saa, na kilichokuwa kinaendelea. Alifanya hivyo kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kuandika shilingi 100 za kopi. Baada ya siku tisa tulikaa na daftari. Jumatatu, saa nne kasoro. Jumanne, saa nne na dakika tano, tena saa kumi. Alhamisi, ambayo ni siku ya mnada, mara nne. Jumapili zote mbili, hakuna.

Shangazi aliitazama ile safu ya saa, kisha akageukia ukuta. "Hizi ni saa za kusaga," akasema.

Nyuma ya ukuta ule kuna mashine ya kusaga nafaka. Mota kubwa ya namna ile inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishashika kasi, na kwa muda mfupi volti hushuka kwa majirani walio kwenye laini moja. Taa ya dukani ilikuwa inafifia kidogo kila asubuhi, hakuna aliyeijali. Pawasaplai ya kompyuta ikiwa nzima huvumilia. Hata umeme ukikatika kabisa, kapasita zake huilisha mashine kwa takriban milisekunde 16, pungufu kidogo ya mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50. Kapasita zikizeeka, muda huo hupungua. UPS ya shangazi nayo betri ilikufa zamani. Ilibaki kuwa ekstensheni tu.

Nilimwomba fundi redio wa mtaani aifungue pawasaplai, kwa kuwa ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Aliiacha ipumzike, akaifungua, akatuonyesha kapasita mbili zilizovimba vichwa kama maandazi. Pawasaplai nyingine ingetoka Babati, pengine baada ya siku tatu.

Hatukuzisubiri. Tayari tulijua saa ambazo mashine haizimiki. Usiku huo, kinu kilipofungwa, nilichomeka diski ya nje na kuanza kunakili, mwaka 2016 kwanza. Shangazi alikaa na shuka mabegani, akiitazama ile asilimia ikipanda. Saa saba usiku ilifika mia. Nikafungua picha hapa na pale kuhakikisha, na zote zilifunguka.

Kesho yake nilimweleza mwenye kinu. Alisikitika, kisha akacheka: "Ungeniambia mapema mwanangu, ningekuwa nabisha hodi." Na kweli, hadi pawasaplai ilipofika, kijana wake aligonga ukuta mara tatu kabla ya kuwasha, nasi tukazima kompyuta wenyewe.

Kuhusu mlima, wataalamu walieleza kwamba haikuwa volkano wala tetemeko: sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikameguka. Nimewasikia watu wa Katesh wakirudia maelezo hayo taratibu. Kujua chanzo hakumrudishi mtu. Lakini kunakuambia mahali pa kutojenga tena, na saa ya kuhama mvua ikizidi.

Daftari lile sasa lina kazi nyingine. Kila ndugu anapoitambua sura, shangazi huandika namba ya picha na jina kamili mbele yake. Yule baba alirudi siku ya mnada, wakati kinu kikisaga. Alimpata binti yake kwenye folda ya mwaka 2019, akaomba nakala mbili, na shangazi akamwomba amtajie herufi za jina moja moja, asije akakosea.