Anza na Gemu, Mashine Itafuata

Keroka,
Jumapili jioni.

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini hujambo huko Kebirigo, na mama yako pia, na kwamba mvua haijawafungia njia ya kwenda kuchuma chai. Huku tu wazima, ila radi ya juzi ilinichomea chaja ya simu. Hilo la radi nitalirudia, maana linakuhusu.

Ujumbe wako niliupata Alhamisi. Unasema bonasi ya chai imeingia, mama yako amekukatia fungu lako, na unataka mashine ya gemu. Si mpya, bali ya zamani, ucheze zile gemu ulizokuwa ukizitazama kwangu ukiwa umesimama mlangoni kwa kukosa shilingi kumi. Kisha ukaongeza kwamba kuna muuzaji Kisii mjini aliyekushauri uchukue PS3 kwa sababu "inasoma kila kitu." Niliposoma hayo nikatafuta kalamu, kwa kuwa maneno hayo hata mimi niliuziwa.

Chumba changu cha gemu nilikifungua mwaka 2006, mwaka uleule timu yetu ya Shabana iliposhuka daraja. Nilianza na PS2 mbili, televisheni mbili za mgongo mkubwa, na benchi la kuazima kanisani. Kufikia 2012 nilikuwa na diski zaidi ya sitini za PS2 kwenye katoni. Vijana wakaanza kunong'ona kuwa Kisii mjini kuna PS3. Nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, nikamkuta muuzaji mchangamfu, nikamwuliza swali moja: itasoma diski nilizo nazo? Akajibu, "Mzee, hii ndiyo baba yao." Nikalipa. Asubuhi nilipofika Keroka, vijana walikuwa wameshajaza benchi. Nikaingiza gemu ya mpira, PES 6. Mashine ikaizungusha, ikaitambua kuwa ni ya PS2, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuicheza. Nikajaribu ya pili, na ya tatu. Waliokuwa wamelipa niliwarudishia pesa zao mmoja mmoja.

Yule muuzaji hakudanganya yote, na hapo ndipo penye mtego. PS3 ilipozinduliwa Novemba 2006, matoleo ya mwanzo yalibeba ndani yake vipuri vya PS2, ndiyo maana yaliweza kucheza gemu zake. Mwaka uliofuata Sony wakaanza kuviondoa ili kupunguza gharama. Ile nyembamba ya 2009 na ile ndogo zaidi ya 2012, ambazo ndizo utakazokutana nazo zaidi madukani leo, hazichezi diski ya PS2 hata moja. Cha kushangaza, PS3 zote husoma diski za PS1. Mjukuu anamsikia babu, baba yake hamsikii! PS4, iliyotoka 2013, haisomi diski za ndugu zake wowote waliotangulia. PS5 ya 2020 hucheza karibu gemu zote za PS4, lakini kuna aina isiyo na mlango wa diski, na hiyo ukiinunua diski zako zitabaki kuwa vioo vya kujitazamia.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza, na ukisahau nyingine zote ushike hii: usianze na mashine. Chukua karatasi uandike gemu unazotaka kuzicheza, kwa majina yake na miaka yake. Ukimaliza, karatasi yenyewe itakuambia mashine ya kununua.

Wewe ulinitajia tatu. PES 6 ni ya 2006, enzi za Adriano wa Inter, yule ambaye ukimpa mpira kwa mguu wa kushoto kipa anaanza kuomba. San Andreas ni ya 2004. Hizo mbili nyumbani kwao ni PS2. Ya tatu ulisema ni "FIFA yenye Wanyama akiwa Southampton." Hapo chukua FIFA 15 ya PS3. FIFA ya mwisho kutolewa kwa PS2 ilikuwa FIFA 14, na ya mwisho kwa PS3 ikawa FIFA 19. Umeona? Orodha yako ina mashine mbili ndani yake, na fungu la bonasi ni moja. Itakubidi uamue ni ipi utakayoicheza binamu zako wakija Jumapili.

Ujue pia unachokinunua. Mashine ya zamani ni dunia iliyosimama. Ndani ya FIFA 17 Wanyama ameshahamia Tottenham na hatahama tena. Ndani ya FIFA 19 Messi bado ni wa Barcelona. Ukitaka usajili wa msimu huu, usinunue ya zamani halafu ukalalamika. Afadhali ujibane ufike PS4, ambayo hadi 2025 bado ilitolewa EA Sports FC 26. Hilo ndilo jina jipya la mchezo uleule, baada ya FIFA 23 kuwa ya mwisho kwa jina la zamani.

Nasaha ya pili: nunua kinachoshikika. Gemu inayokaa kwenye duka la mtandaoni ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana ufunguo. Microsoft walilifunga duka la Xbox 360 mnamo Julai 29, 2024. Sony walitangaza mwaka 2021 kulifunga la PS3, wachezaji wakapiga kelele, kampuni ikaghairi. Lakini aliyeghairi jana anaweza kukumbuka kesho. Na kucheza na mtu aliye mbali kwa FIFA za zamani sahau, kwani kampuni huzima mitambo ya gemu kuukuu. Diski iliyo kabatini kwako haihitaji ruhusa ya mtu. Itakuhitaji wewe tu usiiweke kifudifudi mezani.

Sasa twende dukani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona mtu anakufuata hadi stendi ya matatu na mashine kwenye mfuko wa plastiki, mwache aende nayo. Nenda mchana, penye stima na televisheni. Ukiambiwa "tuliijaribu jana," mwambie na leo mtaijaribu. Beba diski zako mwenyewe. Kwa PS2 beba mbili: moja ambayo mgongo wake ni wa buluu, na nyingine ambayo mgongo wake ni wa fedha. Ile ya buluu ni CD, ya fedha ni DVD, na jicho la mashine lililochoka huweza kusoma moja likaikataa nyingine. Mimi hapa kwenye meza yangu ya ufundi nimezipokea nyingi za namna hiyo, na mwenyewe huapa kuwa aliinunua ikiwa nzima.

Iache iwake saa nzima. Usione haya, keti, agiza chai. PS3 zile nene za mwanzo zina ugonjwa wa joto: taa hugeuka manjano, kisha mashine hujizima. Xbox 360 za mwanzo nazo ziliwaka taa tatu nyekundu, ugonjwa uliowafanya Microsoft mwaka 2007 waongeze dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili yake. Kuna mafundi wanaoipasha bodi hewa ya moto, mashine ikaamka, wakaiuza haraka kabla haijalala tena. Dakika kumi za majaribio hazitakuonyesha hilo. Saa moja inaweza.

Igeuze usome kibandiko cha chini. Stima yetu ni volti 240. PS2 iliyotoka Japani inataka 100, iliyotoka Marekani inataka 120. Ukiichomeka ukutani vivi hivi utasikia mlio mmoja, kisha harufu. Tena diski za PS2 zina makao: mashine ya Marekani haikubali diski ya Ulaya isipokuwa iwe imewekewa chipu. Iliyotoka Uingereza ndiyo inayotufaa, kwani volti ni moja, plagi ni moja, na diski zinazopatikana huku nyingi ni za upande huo. Gemu za PS3, isipokuwa chache mno, hazina ubaguzi huo.

Uliza pia kama televisheni yenu ina matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe. PS2 hutumia waya wa rangi hizo, na televisheni bapa nyingi za siku hizi zimeyaacha, kwa hiyo utahitaji kigeuzi. Na picha isikutishe. Kwenye kioo kikubwa kipya PS2 huonekana kama inatazamwa kupitia neti ya mbu. Kama bibi yako bado ana ile televisheni ya mgongo, iombe, zilizaliwa pamoja.

Usitumie fungu lote. Ligawe mara nne: tatu za mashine, moja uifiche. Mashine kuukuu hununuliwa mara mbili, kwanza dukani, kisha kwa fundi. Itataka kufunguliwa na kupanguswa vumbi letu jekundu, na kupakwa upya dawa ya kupoza bodi. Ukikuta mende ndani usishangae. Wao pia hupenda joto. Salio litumie kununua pedi ya pili, maana mpira wa kucheza na mashine peke yako huchosha kabla ya mwezi. Na mkopo wa simu kwa ajili ya gemu usiuguse. Ukikosa pesa mwaka huu, chai itachumwa tena mwakani.

Sasa radi. Unaishi Gusii: unyevu wa Ziwa Viktoria unapanda milima yetu, na alasiri nyingi unatulipukia vichwani. Wingu likianza kuwa jeusi upande wa ziwa, zima, kisha chomoa plagi ukutani na waya wa antena pia. Kubonyeza swichi pekee hakutoshi. Hilo nalijua kwa hasara. Alasiri moja ya mwaka 2009 niliwaambia vijana wazime, wakaniomba dakika za nyongeza tu, nami nikawa mpole. Radi ikapiga karibu na nguzo. Tulisikia kishindo, kukawa giza, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini televisheni moja na PS2 moja hazikuamka tena.

Kuna kitu kilichopona siku hiyo ambacho sijawahi kukuambia. Unajua hakuna diski yenye Shabana. Lakini PES 6 ilimruhusu mchezaji kubadilisha majina ya timu na wachezaji, na vijana wa benchi walitumia likizo nzima ya Desemba kuijenga Shabana humo, mtu baada ya mtu, wakajipa namba wenyewe kwa wenyewe. Kazi hiyo yote iliingia kwenye kadi moja ya kumbukumbu ya megabaiti 8, isiyozidi kiberiti. Radi ilipopiga, kadi hiyo ilikuwa mfukoni mwa kijana aliyekuwa akingoja zamu yake. Alipokwenda kutafuta kazi Nairobi aliniachia. Miaka kumi na saba baada ya kushuka, Shabana ya kweli ilirudi Ligi Kuu, mwaka 2023, na usiku huo nikaitoa kadi mkebeni nikaipangusa tu, maana sikuwa tena na mashine ya kuichomeka.

Mwezi uliopita mteja aliniletea PS2 niitengeneze jicho. Nilipomaliza nilichomeka kadi kuijaribu. Ikafunguka.

Nakuambia haya waziwazi ili usidhani nasaha ya mjomba haina maslahi. Kama utaamua PS3 kwa sababu ya Wanyama, sitanung'unika. Chukua ile nyembamba, uifuate karatasi yako. Lakini ukichukua PS2, nitumie ujumbe, nitashuka Kebirigo Jumapili nikiwa na mkebe wangu. Vijana walipogawana nafasi hapakuwa na aliyetaka kuwa kipa, wakampa mtoto aliyekuwa akisimama mlangoni kila siku bila shilingi kumi. Jina lako liko humo, mgongoni mwa jezi namba moja.

Msalimie dada yangu, umwambie ndizi alizotuma zilifika salama.

Ni mimi mjomba wako,
fundi wa Keroka.