Shilingi Moja na Mashine Yangu

Msomaji wangu, nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba nilipopata, kwa hisani ya mjomba wangu, kikokotoo kiwezacho kuchora grafu. Wivu wa wenzangu ulinipendeza kuliko mashine yenyewe, hilo nalikiri.

Jioni moja niliazimia kuitafuta namba ambayo Jacob Bernoulli wa Basel aliikaribia mwaka 1683 katika hesabu ya riba, na ambayo Leonhard Euler aliichapisha kwa herufi e mwaka 1736. Fikiri umeweka shilingi 1 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Riba ikilipwa mara moja, utakuwa na shilingi 2. Ikigawanywa mafungu 10, kila fungu likizaa juu ya yaliyotangulia, utapata 2.5937, mafungu 1,000, 2.7169, mafungu 1,000,000, 2.71828. Tamaa ya mwenye fedha haina mpaka, lakini faida yake inao! Niliutazama mstari ukipanda upesi, kisha ukilala kama maji ya ziwa pasipo upepo, nikaingiwa na furaha nisiyoweza kuieleza.

Hata hivyo sikutosheka. Niliandika 1 na sifuri kumi na tano nyuma yake. Mashine ikajibu: 1. Nikarudia mara tatu. Jawabu likawa lile lile. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa nikatangaza kwamba kitabu chetu kimekosea, na rafiki yangu aliyethubutu kunipinga nilimwita mjinga.

Mwalimu hakunikemea. "Mwanangu," alisema, "iamuru mashine yako ijumlishe 1 na ile sehemu yako ndogo, kisha itoe 1."

Nikafanya hivyo. Ikatokea sifuri. Mashine ile ilihifadhi tarakimu 14 tu za kila namba, nayo sehemu yangu ilihitaji nafasi ya 16. Basi ilitupwa kama makapi. Ilibaki 1 tupu, na 1 hata uizidishe kwa yenyewe mara ngapi, haiongezeki.

Darasa zima lilicheka, isipokuwa rafiki yangu. Yeye alihamia dawati jingine, nami nilikaa muhula mzima kabla ya kupata ujasiri wa kumwomba radhi. Nilipomwendea hatimaye, alinisikiliza hadi mwisho, akanyosha mkono, akaniomba nimwazime mashine.