Ujira Uliolipiwa Santuri

Je, santuri moja yaweza kukuliza leo, na kesho ikakuchangamsha?

Tarehe 28 Juni 1928, mjini Chicago, Louis Armstrong alirekodi "West End Blues". Tarumbeta yaanza peke yake, bila piano wala ngoma; yapanda na kushuka kwa sekunde zipatazo kumi na mbili. Baadaye Armstrong aiweka kando, aimba pasipo maneno, sauti tupu.

Huko Baltimore alikuwako binti maskini ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Billie Holiday. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1956, asimulia kuwa alikuwa akitumwatumwa na mwenye danguro la jirani, akaacha kudai ujira ili aruhusiwe kukaa sebuleni na kusikiliza gramafoni. (Tusimlaumu mtoto, nyumbani kwao gramafoni haikuwako.) Siku nyingine santuri hiyo ilimliza sana. Siku nyingine ilimfurahisha hata akasahau fedha alizokuwa akizipoteza.

Nami huisikiliza jioni, nitokapo kazini. Mke wangu aiona ni ya matanga. Mimi nasikia mtu anayejigamba. Tumebishana sana, na hakuna aliyeshinda. Lakini karibu na mwisho, tarumbeta inaposhikilia sauti moja ya juu na kukataa kuiachia, sote hunyamaza. Mwanetu ndiye huuliza kama bwana huyo hapumui.