City Stadium: Nyumbani Kusiko na Mwenyewe

UKIABIRI matatu ya Jogoo Road kutoka katikati ya jiji la Nairobi, omba kiti cha dirishani. Utapita stendi ya mabasi ya Machakos, kisha soko la Muthurwa na wachuuzi wake wanaouza kila kitu, kuanzia nyanya hadi viatu vya mitumba, na punde si punde Landhies Road itafika kikomo kwenye mzunguko mkubwa wa magari. Hapo makanga atapiga bati la gari kwa kiganja na kuita: "Stadium! Kuna wa Stadium?" Wewe shuka.

Umefika mahali palipokuwa moyo wa kandanda ya Kenya kwa miaka na mikaka. Kabla ya uwanja wa Nyayo kujengwa mwaka wa 1983, na ule wa Kasarani kufunguliwa 1987 kwa Michezo ya Afrika, mechi kubwa za jiji zilichezewa hapa. Wakati wa ukoloni palijulikana kama African Stadium. Baadaye pakaitwa Donholm Road Stadium, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jina la barabara kabla ya kuwa Jogoo Road. Kisha likaja City Stadium. Mwaka wa 2019, baada ya gwiji Joe Kadenge kuaga dunia mwezi wa Julai, uwanja ukapewa jina lake. Mtajie baba au babu yako jina hilo naye atakujibu papo hapo, "Kadenge na mpira!", kama alivyozoea kutangaza redioni marehemu Leonard Mambo Mbotela. Makanga, hata hivyo, habadiliki. Kwake ni Stadium tu.

Usiingie haraka. Zunguka kwanza. Upande mmoja utalakiwa na harufu ya nyama kutoka soko la Burma, na kama hujala chamcha utajuta kuja na pesa za nauli pekee. Ng'ambo ni mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, wenye vijumba vya mawe, miti mikubwa na ukumbi wake wa kijamii ambao siasa nyingi za kupigania uhuru zilizungumziwa ndani yake. Ziwani na Shauri Moyo haziko mbali. Nataja mitaa hii kwa sababu uwanja huu haukujengwa kando ya jiji ambako ni lazima mtu apande magari mawili ndipo aufikie. Ulijengwa mlangoni pa watu. Mtoto wa Kaloleni alitoka nyumbani kwa miguu, akasikia kelele za bao kabla hajafika langoni, na akarudi kabla chai ya jioni haijapoa.

Sasa tuje kwenye kiwanja chenyewe, pale mpira unapodunda.

Katika miaka ya kuelekea Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, FIFA ilikuwa na mpango wa kuzipa nchi za Afrika nyasi bandia, na hapa kwetu nyasi hizo zikatandikwa City Stadium. Zilipokuwa mpya zilipendeza kama zulia la sebuleni. Tope la msimu wa mvua likasahaulika. Gor Mahia na AFC Leopards, timu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, zikawa zikiwaalika wageni wao hapa.

Lakini nyasi bandia si zulia. Ni nyuzi za plastiki zilizosimama, na baina yake humwagwa mchanga pamoja na chembechembe nyeusi za raba ambazo mara nyingi hutokana na magurudumu makuukuu ya magari. Chembe hizo ndizo hushikilia nyuzi zisilale na ndizo humpokea mchezaji anapoanguka. Kila mechi huzisogeza. Hutoka pale watu wanapokanyaga zaidi, yaani mbele ya magoli na kwenye kona, zikaenda kurundikana pembeni ambako hakuna anayezihitaji. (Ukitoka uwanjani hukawii kuzikuta ndani ya soksi zako, na mama watoto atauliza umetoka gereji gani.) Kwa hivyo mkeka huo unataka kupigwa brashi mara kwa mara na kuongezwa raba, na maungio yake kutiwa gundi yanapoanza kuachana. Ukitunzwa vyema huweza kufikisha miaka minane hadi kumi. Usipotunzwa, nyuzi hulala chali, na hapo kiwanja huwa kigumu kama sakafu.

Hayo ndiyo yaliyoufika mkeka wa City Stadium. Wapenzi wa soka waliokuwa wakija hapa wanakumbuka jinsi pasi fupi ilivyogeuka kuwa ndefu, mpira ukamtoroka winga na kutoka nje huku mashabiki wakimzomea kijana wa watu asiye na hatia. Wanakumbuka mabeki waliochelea kuteleza ili kuzuia, maana plastiki kavu huchuna ngozi ya goti kama moto. Juani pia hupata joto kuliko majani ya kweli. Kipa aliyejirusha hapo dakika ya kumi alifikiri mara mbili kabla ya kujirusha dakika ya sabini, na mashabiki wakasema amehongwa.

Hatimaye milango ikafungwa kwa ukarabati, na timu zikaanza kuhamahama. Mara Machakos, zaidi ya kilomita 60 kutoka jijini. Mara Thika. Mara Kericho, safari ya kuamka alfajiri. Ratiba iliandika kwamba timu inacheza nyumbani, ilhali mwenyeji na mgeni walikutana barabarani, kila mmoja ndani ya basi lake.

Hebu piga hesabu ya mzazi wa Kaloleni. Ile mechi aliyoiendea kwa miguu na wanawe wawili sasa inataka nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, chakula cha njiani na kiingilio. Atabaki nyumbani na kutazama ligi ya Uingereza kwenye runinga, na mwanawe atakua akivijua vichochoro vya Manchester kuliko vya Shauri Moyo. Klabu nayo itauza tiketi chache, ikose mishahara, wachezaji wagome. Tunazoea kulaumu viongozi wa klabu kwa njaa hiyo. Wengine wanastahili lawama. Hata hivyo, mpangaji hawezi kupiga plasta nyumba isiyo yake. Gor Mahia iliasisiwa 1968 na ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987. Leopards ilianza 1964 kama Abaluhya United. Kwa miongo yote hiyo zimekuwa wapangaji kwenye viwanja vya umma. Klabu hucheza dakika 90 na kuondoka. Kesho yake kuna mkutano wa siasa, kesho kutwa maombi, mtondo gwaride. Kila mmoja ana barua ya ruhusa, hakuna mwenye brashi.

Na hapo kuna jambo ambalo hunichekesha na kuniuma kwa pamoja. Viwanja vingi vya Afrika Kusini na Australia vimeota nyasi ziitwazo kikuyu. Si jina la kubahatisha. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, haya haya maeneo yetu yenye baridi. Wageni walizichukua wakazipeleka kwao kwa sababu hustahimili kukanyagwa na hujitambaza zenyewe zikiziba palipotoboka. Zinachotaka ni maji, mkato na mapumziko. Sisi tulio nazo bure kando ya barabara tulizikosesha hayo matatu, ndipo tukatandikiwa plastiki.

Usidhani ni shida ya klabu peke yake. Septemba 2017 Kenya ilipokonywa uenyeji wa fainali za CHAN za 2018 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, zikaenda Morocco. Juni 2024 Harambee Stars ilizialika Burundi na Ivory Coast huko Lilongwe, Malawi, na Septemba mwaka huo huo ikaialika Zimbabwe mjini Kampala. Mwenyeji akapiga hodi kwa jirani! Lakini Agosti 2025, CHAN ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, Kasarani ilikuwa na majani ya kijani yaliyokatwa sawasawa, na Kenya ikaifunga Morocco bao 1-0. Majani yalikuwa majani. Kulikuwa tu na mtu aliyeamrishwa kuyatunza, na tarehe ya kuyakagua.

Kwa hivyo, ukiwapeleka wanao kwenye mechi ya ligi Jumapili moja, popote itakapochezewa, fikeni saa nzima mapema. Msitazame jukwaa wala rangi mpya ya ukuta. Tazameni mbele ya goli, mita chache kutoka kwenye mstari, pale kipa anaposimama. Kisha mtafuteni yule mzee mwenye reki au mpira wa maji. Mkimpata, mwulizeni anafanya kazi siku ngapi kwa wiki, na ni nani anayemlipa.