Sauti ya Baba na Mngurumo wa Redio



Safari hii tunaleta jambo la nyumbani kabisa: redio, spika na kelele. Huenda mtu akauliza, haya na dini yana uhusiano gani? Tunaomba mtusome hadi mwisho in shaa Allah.

Marehemu Baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa akisomesha watoto Qur'ani pale Buyenzi. Katika vitu alivyotuachia ni kaseti moja ya dakika 60, aliyojirekodi mwenyewe akisoma Surat Yaasin mwaka 1996, wakati wa vita, watu wakijifungia majumbani mapema. Hatuna sauti yake nyingine. Mama sasa anaishi nasi huku Gihosha. Ana mtoto wa jicho, msahafu hawezi tena kuusoma, na ombi lake lilikuwa moja tu: aisikilize kaseti ile. Redio kaseti ya zamani ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo tukatoka kutafuta chombo. Uwezo wetu haukuzidi bei ya mbuzi mmoja wa Idi.

Duka la kwanza tulioneshwa redio kubwa yenye taa za rangi na maandishi "Wati 1000". Tulikaribia kulipa. Kijana wetu mwanafunzi akaigeuza nyuma, akasoma kibandiko kidogo: inakula umeme wati 40. Akauliza, "Chombo kinachokula 40 kitatoaje 1000?" Muuzaji akacheka, nasi tukacheka, lakini tulikuwa tumepata somo. Ile namba kubwa huitwa PMPO, nayo haina kipimo kinachoaminika. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS. Kwa chumba cha kawaida, wati 10 hadi 20 za kweli zinatosha na kubaki. Taa za rangi hazisomi Qur'ani, na kulipia tusichokihitaji ni israfu.

Mwishowe tulinunua vipande vilivyotumika: amplifaya ndogo, deki ya kaseti na spika mbili za mbao. Kabla ya kulipa tulifanya mambo haya, nanyi mnaweza kuyafanya:

1. Nendeni na kaseti au CD yenu mnayoijua vizuri. Sisi tulichukua ya Sheikh Abdulbasit Abdussamad. Ile ya Baba tuliogopa kuitoa nyumbani.
2. Zungusheni kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza, kina vumbi au kimechakaa, ombeni kupunguziwa bei.
3. Sikilizeni spika moja moja, kwa sauti ya chini, kisha ya wastani.
4. Sikilizeni chombo kikiwa kimenyamaza. Ongezeni sauti bila kucheza kitu, mtasikia kelele zake chenyewe.

Dukani kila kitu kilikuwa safi. Tukarudi Gihosha kwa furaha, tukapanga vyombo vizuri kabatini, amplifaya chini na deki juu yake. Mama akaketi, tukatia kaseti ya Baba. Ikatoka sauti nzito, "mmmmm", kama gari linalonguruma nje bila kuondoka, na sauti ya Baba ikawa nyuma ya huo mngurumo, mbali. Mama alisikiliza kidogo kisha akasema, "Zimeni tu wanangu, msijisumbue." Neno lile lilituuma kuliko hasara ya fedha.

Tukaita fundi. Alisimamisha kaseti, mngurumo ukakoma. Akaicheza, ukarudi. Akasema kaseti ndiyo imeharibika, na kwamba angeweza kuihamishia kwenye kompyuta akaondoa sauti zote za chini kwa programu. Tulikuwa karibu kukubali. Lakini sauti ya mwanamume inapoanzia ni huko huko chini. Kuyakata yote yaliyo chini ni kumwondolea Baba kifua chake, tubaki na mtu anayesomea ndani ya simu.

Aliyetuokoa ni Mama. Tulipokuwa tukimweleza kwamba siku ile umeme labda ulikuwa mbaya, akasema, "Umeme upi? Usiku ule haukuwako. Baba yenu alitia betri mpya, nikamshikia kandili."

Tukatazamana. Mngurumo wa namna ile hutokana na umeme wa nyumbani, ambao kwetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Redio ya betri haina mngurumo huo. Basi kelele haikuwa ndani ya kaseti ya Baba, ilikuwa ndani ya nyumba yetu.

Tulitia kaseti tupu, tukaicheza: "mmmmm" ile ile. Deki ikisimama huwa inakata sauti yenyewe, ndiyo maana fundi alidanganyika. Kisha tukainyanyua deki huku ikicheza, tukaiondoa polepole juu ya amplifaya. Kila tulivyoisogeza, mngurumo ulipungua. Ilipofika kama mita moja pembeni, haukusikika tena. Ndani ya amplifaya mna transfoma, nayo hutoa nguvu ya sumaku kuizunguka. Kichwa cha deki kimeumbwa kuhisi sumaku ndogo sana iliyo kwenye utepe, hivyo kikikaa juu ya transfoma kinaisoma nayo pia. Kaseti ya Sheikh Abdulbasit imerekodiwa kwa nguvu na ingeufunika mngurumo. Ya Baba ni ya sauti ndogo, ikatubidi tuongeze, na mngurumo ukaongezeka nayo. Dawa yake haikugharimu hata faranga moja.

Ikabaki ile "shhhh" ya utepe. Tulisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, tukaacha kikauke. Sauti ilikuwa bado na ukungu, fundi akakaza kidogo sana skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa, kikakaa sawa na utepe, na ukungu ukaondoka. Mmoja wetu akataka kupunguza sauti za juu ili "shhhh" iishe kabisa. Tulipojaribu, siin na swaad zikafifia pamoja nayo. Wanafunzi wa tajwidi mnajua kwamba hizo, pamoja na zaa, ni herufi za swafiri, zenye mluzi wake, na mluzi huo uko juu kule kule iliko "shhhh". Baba aliwahi kutusimamisha wima kwa ajili ya siin moja. Tukairudisha ilivyokuwa.

Kama kwenu mngurumo haukomi kwa kusogeza vyombo, chomoeni nyaya za sauti moja moja, pamoja na waya wa televisheni au dishi, mpaka mjue unaingilia wapi. Msikate kamwe waya wa ardhi ili kuondoa kelele, huo ndio unaolinda roho zenu. Na masika, radi zikianza kupiga huku mlimani, chomoeni kila kitu.

Tunakiri kosa moja. Usiku ule wa furaha tulifungua sauti kupita kiasi. Asubuhi jirani, mama mtu mzima, alikuja kwa adabu akasema, "Wanangu, kisomo chenu ni kizuri, lakini mjukuu wangu mgonjwa hakulala." Tuliona haya. Qur'ani inaposomwa tumeamrishwa kuisikiliza na kunyamaza, kama ilivyo katika Surat Al-A'raaf aya ya 204. Basi vipi tunamfungulia mtu aliyelala, asiyeweza kufanya lolote kati ya hayo? Na haki ya jirani hatuhitaji kukumbushana. Tulimwomba radhi, tukaziondoa spika kwenye ukuta wa upande wake, na baada ya Isha sauti haitoki nje ya chumba.

Sasa kaseti tumeinakili kwenye kompyuta na simu za ndugu wote, ili ile ya asili isichakae. Katika nakala ile, kabla ya Baba kuanza, kuna jogoo anawika. Kijana wetu alitaka kumkata. Mama akamshika mkono: "Mwache. Huyo ni jogoo wetu wa Buyenzi. Baba yako alisubiri anyamaze ndipo akaanza."

Tukamwacha. Kila baada ya Alfajiri Mama huketi pale, jogoo anawika, Baba anavuta pumzi, kisha anasoma. Ndugu zetu, kama mna kaseti za wazee wenu mabegani na masandukuni, zitoeni mzinakili wangali hai wanaojua zilirekodiwa vipi.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awape afya waliobaki. Aamin.

Wabillahi tawfiq.