Yasomeni Majina kwa Sauti

Igoma, Nyamagana
Mwezi wa Marehemu

Wajukuu zangu wa jumuiya, na ninyi vijana wa kwaya na VIWAWA mtakaosomewa barua hii,

Kaeni, maana barua ya mzee haina haraka.

Daktari pale Bugando amenieleza mambo yangu kwa upole sana, upole ule ambao mzee akiusikia anajua wakati wa kugawa vyombo umefika. Nguo nimeshagawa. Kuku wana wenyewe tayari. Kilichobaki ni lile kaunta buku la jumuiya mnaloliona kila Novemba, na sitaki litoke mkononi mwangu kimyakimya.

Humo mna marehemu wetu. Wamo akina Yohane na Maria wa ubatizo, na kando ya kila mmoja nimeandika jina la nyumbani: Masanja, Kabula, Nkwabi, Milembe. Yumo kichanga aliyeandikwa "wa mama yake" tu, kwa kuwa alituacha kabla hajapewa jina. Na uko ukurasa mmoja usio na jina hata moja, huo nitaufikia.

Mwaka jana mmoja wenu alinifuata baada ya sala, ametoka kwenye mkutano wa injili uwanjani, akaniambia kwa heshima zote: "Bibi, kuwataja wafu hivi ni tambiko." Sikumjibu siku ile kwa sababu ugali ulikuwa jikoni. Namjibu leo, na wengine msikie.

Tambiko mimi nalijua, sikuhadithiwa. Nimezaliwa upande wa Magu, kwenye boma ambalo uani palikuwa na vijumba vidogo vya nyasi, urefu wake hadi goti. Guku, baba yake baba yangu, akiamka kabla ya jua alichukua kibuyu chenye unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, akageukia mashariki, akaanza kuwaita masamva, wahenga wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, kutoka baba yake kwenda juu hadi pale kumbukumbu ilipokoma. Akishawaita aliwapa habari za nyumbani: ng'ombe wa mabaka amezaa, mtoto wa fulani anakohoa, mvua imekawia, mnatazama tu? Alikuwa akiwagombeza wakati mwingine. Baadaye mwalimu wa dini akaja, vijumba vikachomwa, na guku mwenyewe akabatizwa akiwa mzee sana. Siwaambii mvijenge tena. Unga ule na ile hofu kwamba marehemu amekasirika anataka mbuzi, tuliviacha, na sivililii. Lakini pamoja na vijumba yalichomwa pia majina, na hilo hakuna Injili iliyolidai.

Fungueni Injili ya Mathayo mlango wa kwanza. Inaanza na ukoo. Kila tarehe 17 Desemba padri anausoma wote, kutoka Abrahamu hadi Yosefu, na ninyi mnapiga miayo mkingoja Zorobabeli apite. Ila sikilizeni ni akina nani wamo. Yumo Tamari aliyemtega baba mkwe wake, yumo Rahabu yule wa Yeriko, yumo Ruthu mgeni wa Moabu. Mwokozi hakuficha bibi zake. Na mkiufikia mlango wa 12 wa Kitabu cha Pili cha Wamakabayo mtamkuta Yuda akichangisha fedha kwa askari wake na kuzipeleka Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili ya wenzao waliokufa. Kwa hiyo wale mnaosema michango imeanzia kwetu Igoma, mnatuonea.

Wasomi wetu nao wamelifanyia kazi jambo hili. Padri Charles Nyamiti, Mnyamwezi wa Tabora, ndugu zetu hao kabisa, aliandika mwaka 1984 kitabu kizima kwa Kiingereza kinachomwonyesha Kristo kuwa mhenga wetu. Kongo walikwenda mbali zaidi: Misa yao, ambayo Roma iliidhinisha mwaka 1988, inawaita watakatifu na papo hapo mababu wenye moyo mnyofu, kabla ya mengine yote, na waamini wanacheza. Hapa kwetu, Padri David Clement, Mkanada, alijenga Bujora kanisa la mviringo kwa mtindo wa nyumba za Kisukuma, akaiingiza ngoma katika sikukuu ya Ekaristi. Ndiyo Bulabo hiyo, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikishindana hadi vumbi linafunika kilima. Nilipokuwa msichana nilikuwa upande wa Wagalu, na hata sasa sikubali kwamba tulishindwa.

Mtaniuliza, kama Roma imekubali na maaskofu wamekubali, wewe bibi una hofu gani? Hofu yangu ni kwamba hamtakuwa na wa kuwataja.

Angalieni ilivyokuwa. Mzee wa Kisukuma alizikwa nyumbani, karibu na zizi, na wajukuu walicheza juu yake. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao wakapangwa mistari kandokando ya barabara, na makaburi yakabaki kwenye mahame. Misimu michache tu, pamba ikapandwa pale. Leo mkinipeleka Magu mkaniambia niwaonyeshe guku amelala wapi, nitawaonyesha mwembe, na sina hakika na mwembe. Sisemi operesheni ilikuwa yote mabaya, shule na kisima tulivipata huko. Nasema kaburi lilipotea, likabaki jina. Baba yangu alinikaririsha majina ya ukoo tukitembea kwenda kuteka maji, na ninyi baba zenu hawakupata nafasi hiyo. Wako kazini Mwaloni, wako kwenye bodaboda, wako Dar.

Na wengine mtasema: mimi ukoo wangu siujui, nimelelewa na mama peke yake Mabatini, huyo wa kumtaja ni nani? Mwanangu, wewe ndiye Mkristo wa kwanza wa nchi hii. Mwaka 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao, wakavuka ziwa kuja upande wetu, na mwaka 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi, hapo kusini tu ukishapita Buhongwa na Usagara. Walikuja na watoto yatima waliokuwa wamewakomboa utumwani. Watoto hao hawakuwa na guku wa kuwatajia majina. Kanisa likawa ukoo wao kwa sababu hawakuwa na mwingine. Tukisema wahenga wetu katika imani tunafikiri watu wenye mvi na fimbo, kumbe baadhi yao walikuwa watoto wadogo waliouzwa.

Sasa ule ukurasa.

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Ndugu walitambua waliowatambua, wakawasafirisha, Bukoba, Muleba, na kwingine. Wengi hawakutambulika, na siku zilivyozidi maji yalikuwa yamewaharibu. Hao waliletwa kuzikwa hapa Igoma, ambako enzi hizo kulikuwa bado na mashamba mengi kuliko nyumba. Mnayapita makaburi hayo kila siku mkienda stendi.

Sisi wanawake tulisimama kando ya barabara na vitenge vyetu begani. Hakuna aliyetuita. Hatukuwa na marehemu pale, wala hatukujua nani ni Mkatoliki, nani Mlutheri, nani Mwislamu. Jirani yangu mmoja, Mwislamu, alianza kulia kwa sauti kama analilia kaka yake, nasi tukaitikia, maana maiti hazizikwi bila kilio, hata kama kwao hakujulikani. Jioni tulipokaa jumuiya tukauliza: hawa watasomwa na nani? Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe na neno "abiria". Ndilo hilo mnalolisikia kila Novemba mwishoni mwa orodha, na wageni wanadhani nimekosea kusoma. Kisha mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipopinduka kule Ukara na kuua watu 228, nikaongeza tarehe ya pili chini yake. Baadhi yao walizikwa huko Ukara, si kwetu. Lakini ziwa ni moja.

Hilo la kusimama kando ya barabara ndilo ninalowaachia hasa. Ukoo unakupa waliokuzaa. Jumuiya inakupa na wale wasio na wa kuwalilia.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walitaka jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa Kanisa. Mimi sikusoma nyaraka zao. Niliona tu kwamba watu walioanza kukaa pamoja sebuleni kwa mtu, wakisoma Injili ya Jumapili ijayo, waliishia kujuana nani ana njaa. Siku hizi vijana mnaniambia jumuiya ni ya wamama na daftari la mahudhurio. Kweli, na tumechangia sisi wenyewe kuifanya hivyo. Kuna tabia moja naipinga na nimeipinga kwenye vikao hadi nikaitwa mkorofi: mtu akifa, kabla maiti hajapoa, mtu anapekua daftari kuangalia kama alihudhuria na kama alilipa. Mzembe aonywe akiwa na masikio. Akishakufa, mkachimbe.

Na mkachimbe ninyi. Zamani kijiji kilikuwa na nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Akiita, vijana walitoka na majembe, iwe kulima shamba la mgonjwa au kuchimba kaburi. Hapa mjini naona tunakodi watu. Najua ardhi yetu, sururu inagonga jiwe kabla hujafika kiunoni, mnashinda na mtaimbo na beleshi mpaka saa tisa. Lakini fedha ya kukodi wachimbaji mnaitoa kwa shida, na ya fulana zenye picha ya marehemu, na mpiga video, na MC, hiyo inapatikana. Nani alianzisha MC kwenye msiba?

Nimebakiza jambo zito.

Kanda yetu hii, Mwanza na Shinyanga, imeua bibi zake. Mtoto anashikwa na malaria, watu wanakwenda kwa mpiga ramli, ramli inasema adui yuko jirani, ni mwanamke, ni mzee, ana macho mekundu. Usiku anakuja mtu na panga. Mara nyingi ukichunguza nyuma ya ramli unakuta shamba la urithi. Kiu hiyohiyo ya utajiri, ikichochewa na waganga, ndiyo iliyowaua ndugu zetu wenye ualbino. Na macho mekundu siyo siri kwa mwanamke yeyote wa Usukuma: miti iliisha zamani, tukapika kwa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, ujana wote. Moshi ule ndio uliowalea baba zenu.

Macho yangu ni mekundu. Mmeyaona. Nilipohamia mtaa huu kuna watoto waliokatazwa kupokea muhogo wangu, na wazazi wao walikuwa wanakomunika. Sasa, mtu anayelipia Misa ya marehemu bibi yake, anajenga kaburi la vigae, kisha anamwogopa bibi aliye hai jirani yake, huyo anamheshimu nani? Amri ya nne haikusubiri mtu afe. Mkisikia nyumba fulani wameanza kunong'ona juu ya mzee, jumuiya ihamishie sala pale kwa mzee huyo wiki hiyohiyo, na inayofuata, wote, na watoto. Mpelekeeni kuni, kuleni chakula chake hadharani. Mwenyekiti wa mtaa na polisi waambiwe mapema, lakini ninyi mwende kwanza. Tulifanya hivyo mara moja kwa mama mmoja wa Kishiri. Alikufa kwa uzee wake, na yumo kwenye daftari.

Basi. Daftari la marehemu atalichukua yule binti aliyesoma ualimu Butimba, kwa sababu mwandiko wake unasomeka, na kwa sababu haoni haya kuuliza mtu jina la babu yake. Msifupishe orodha hata padri akitazama saa. Anayejua jina la ukoo wake alete liandikwe, Mkristo au asiyebatizwa, Mungu atajua pa kumweka.

Mimi niandikeni majina yote mawili. Sanduku liwe la mbao za kawaida, fulana sitaki. Zile sufuria mbili kubwa za jumuiya ziko kwangu chini ya kitanda. Moja ina tundu. Mpelekeeni fundi pale sokoni Igoma mapema, kwa maana ndugu zangu wa Magu watakuja wengi, na hawali kidogo.


Bibi yenu